Pima Tatu za Nyamizi

Kamba ya mto hupimwa ikilowa.

Ndivyo shangazi yenu alivyomwambia Tausi asubuhi hii alipomkuta akifunga robota la vitenge vya kupeleka mnadani. Ninyi mkacheka, kwa kuwa Tausi anasafiri kwa basi, na njia nzima mpaka huko hakuna hata kijito. Kisha mkaja kwangu kuniuliza mto umeingiaje kwenye vitenge. Kaeni basi. Methali hii haikutungwa na mtu aliyejikalia akitafuta maneno matamu. Ilianza hivi, na ilianza kwa aibu.

Zamani, katika nchi ya chemchemi za chumvi, palikuwa na kijiji kilichoitwa Ikonda. Kiangazi kizima watu wa Ikonda walichemsha maji ya chemchemi vyunguni hadi chumvi ibaki, wakaikausha, wakaifunga kwa majani makavu ikawa mizigo mirefu kama magogo. Chumvi walikuwa nayo, chuma hawakuwa nacho. Chuma kilikuwa kwa wahunzi wa Bulega, mwendo wa siku saba, ng'ambo ya Mto Kasimbo. Kila mwaka, kiangazi kilipokaribia kwisha, msafara ulitoka Ikonda kwenda kubadilisha chumvi kwa majembe. Gulio la wahunzi lilidumu siku sita tu. Aliyechelewa alirudi na chumvi yake kichwani, akalima kwa mti mwaka mzima.

Kati ya chumvi na jembe palikuwa na mto. Kwenye kivuko, upande huu ulikuwapo mwamba, na upande wa pili mti wa mvule. Mwogeleaji alivuka na ncha ya kamba, akaifunga mvuleni, na ncha nyingine ikafungwa mwambani. Ndipo wapagazi wakavuka mmoja mmoja, maji kifuani, mzigo kichwani, mkono mmoja kambani. Babu zao walikuwa wamepima umbali ule katika mwaka wa ukame mkuu, mto ulipokauka hata wakatembea juu ya mchanga wake. Walipata pima thelathini na nane, na pima ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima aliyeikunjua. Wakaongeza pima moja ya fundo huku na moja ya fundo kule. Kwa hiyo kamba ya Ikonda ilikuwa ya pima arobaini, haizidi haipungui, na watu waliitaja arobaini hiyo kama mtu anavyotaja jina la ukoo wake.

Msokotaji wa kamba hiyo alikuwa Nyamizi, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, mwenye vidole vigumu kama kwato. Ulimi wake nao haukuwa laini kuliko vidole. Ufundi aliurithi kwa mama yake: kuparua majani ya mkonge, kuanika nyuzi, kusokota nyuzi ziwe ugwe na ngwe tatu ziwe kamba. Kamba ikipita mkononi mwake alijua palipolegea kabla jicho halijaona. Watu walisema kamba ya Nyamizi ingemfunga hata upepo. Yeye alijibu kwamba upepo haumdai chochote, wapagazi ndio wanaomdai uhai.

Miaka mingi msafara ulikuta mto umelala, maji hayajafika mvuleni. Mwogeleaji alifunga ncha kwenye kigingi kilichosimikwa mchangani, katikati ya njia, na kamba nyingi ikabaki imeviringwa. Lakini mwaka mmoja mvua za milimani ziliwahi. Msafara ulipofika ulikuta Kasimbo imejaa hadi mwambani na hadi mvuleni. Mwogeleaji wa Ikonda wakati huo aliitwa Lugwisha, na hakuna aliyemzidi majini. Alivuka na ncha, akaukaribia mvule, akavuta. Kamba haikufika. Ilikuwa imebaki nyuma pima tatu nzima. Wanaume sita waliifungua mwambani wakaingia nayo majini ili wamwongezee urefu, na maji yakawang'oa miguu. Wao walirushwa kwenye matete wakapona, kamba bado mikononi mwao. Lugwisha, aliyekataa kuiachia ncha, alivutwa katikati ya mto, na hakuonekana tena.

Msafara ulirudi na chumvi. Kamba ilikaushwa kwa moshi wa jikoni kama ilivyo desturi, ikanyooshwa, ikapimwa tena. Pima arobaini.

Hapo ndipo aibu ilipomwangukia Nyamizi. Kamba iliyokuwa arobaini nyumbani, thelathini na saba mtoni, na arobaini tena nyumbani, si kamba ya kawaida. Wachache walisema mto uliionea gere. Wengi walisema Nyamizi alisokota kamba mbili, moja ya kupimwa na moja ya kusafiri, akajiwekea nyuzi zilizobaki. Wazee walikaa wakatoa neno lao: atasokota kamba mpya, atasafiri nayo mwenyewe ili asiwepo wa kumsingizia, na ikipungua tena, avunje nyumba yake ahame Ikonda. Wengine waliona wazee wamemhurumia mno. Kila asubuhi Nyamizi alipofungua mlango alitazamana na nyumba ya mama yake Lugwisha, mjane aliyebaki hana mtoto, na kila asubuhi mama yule alimtazama bila kuitikia salamu.

Nyamizi hakulia. Alisokota, na kila alipopitisha ugwe juu ya ugwe alijiuliza swali lile lile: pima tatu zilikwenda wapi?

Jibu alipewa na mbuzi.

Alikuwa na beberu mlafi aliyemfunga uani kwa kamba ya mkonge. Siku moja ilipita mvua ya rasharasha, ile ya kudanganya wakulima. Mvua ilipokatika, Nyamizi alimwona beberu amesimama shingo imenyooka, ulimi nje, akiyatafuta majani ya kunde ambayo asubuhi ile ile alikuwa ameyatafuna bila taabu. Sasa yalimpita hatua nzima. Nyamizi alikagua kigingi, hakikuhama. Alikagua fundo, halikuguswa. Alisimama pale na jembe la mti mkononi akimwangalia mbuzi, mpaka jua likatoka na kamba ikaanza kukauka. Kabla ya adhuhuri kupita, beberu alikuwa anatafuna.

Nyamizi aliingia ndani akachukua kipande cha kamba mpya, akakipima, pima kumi kamili. Akakitumbukiza kwenye chungu cha maji, akakalia kigoda akisubiri. Alipokitoa, nyuzi zilikuwa zimenona. Kamba ilikuwa imenenepa kama mwanamke wa miezi sita. Akapima. Ilipungua robo tatu ya pima.

Pima kumi, robo tatu. Pima arobaini, tatu. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa punje za mahindi, kisha akakaa chini kwenye vumbi akacheka peke yake, kicheko kisichokuwa na furaha ndani yake. Kamba inapokunywa maji hunenepa, na inaponenepa hufupika. Mama yake hakulijua hilo, wala bibi yake. Wangelijuaje? Huko Ikonda palikuwa na mwiko: kamba ya safari isiguse maji mpaka ikutane na mto wenyewe. Walisema kamba iliyoonja maji ya nyumbani huita mafuriko. Vizazi kwa vizazi kamba ilipimwa kavu, ikatunzwa kavu, ikashangiliwa kavu, halafu ikatumwa kufanya kazi majini.

Alikwenda kwa Msabila. Huyu Msabila alikuwa kirangozi, kiongozi wa msafara, mtu wa miaka hamsini na safari ishirini na mbili, mwenye kifua kama ngoma na sauti ya kuzidi kifua. Nyamizi alipiga magoti kama inavyompasa mwanamke mbele ya rika la baba yake, akamweleza habari za mbuzi, za chungu na za robo tatu ya pima, akamwomba kamba mpya ilowekwe kabla ya kupimwa. Msabila alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba Ikonda haijawahi kuongozwa na mbuzi, na mwiko si kazi ya msokota kamba kuufungua. Alipotoka, Nyamizi aligeuka akamwona mzee amekaa, macho yake kwenye mikono yake mwenyewe. Akaelewa. Mikono ile ndiyo iliyohesabu arobaini. Ikiwa kamba haikuibwa, basi hapakuwa na mwizi wa kulaumiwa, ila hesabu ya kirangozi na desturi ya wote. Msabila alikuwa mtu mwema, na mara nyingi mtu mwema hukiogopa kitu kama hicho kuliko mwovu anavyokiogopa.

Ikafika Siku ya Kunyoosha. Siku hiyo kamba ya safari hutolewa, watu wazima wote huishika kuanzia uani kwa kirangozi, hupita nayo katikati ya kijiji, wakaivuta hadi inyooke kama mstari wa mwanzi. Kirangozi hutembea kando yake akipima kwa mikono na kuhesabu kwa sauti. Akisema arobaini, vigelegele hupasuka, ngoma hulia, na kesho yake msafara huondoka.

Msabila alihesabu. Nyamizi alikuwa ameshika kamba mahali pa ishirini, akasikia sauti ikimjia, ikampita, ikaenda. Ilipofika arobaini wanawake walifungua midomo kupiga vigelegele. Yeye akaiachia kamba, akasimama mbele ya kirangozi.

"Baba Msabila, hiyo ni kamba ya uani," alisema. "Ya mto bado hujaipima."

Vigelegele vilirudi tumboni. Msabila alimwambia arudi mahali pake. Hakurudi. Aliukimbilia mtungi wa maji uliokuwa mlangoni mwa nyumba ya karibu, na kabla hajaunyanyua wanaume wawili walimshika mikono. Mmoja alimnong'oneza kwamba ana wazimu, mwingine kwamba anatafuta kuhama kabla hata ya kufukuzwa.

Ndipo mama yake Lugwisha alipotoka kwenye mstari. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, na tangu msiba hakuwa amesema neno hadharani. Aliuchukua mtungi ule, akauweka begani, akatembea hadi kwenye kamba. Wanaume walitazamana. Nani angeweka mkono wake juu ya mama wa marehemu?

"Mama, huo ni mwiko," Msabila alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Utaita mafuriko."

"Mafuriko yalikuja mwaka jana bila kuitwa," mama alijibu. "Kamba ilikuwa kavu, mwiko mliushika, na mwanangu akafa. Mwiko huo mnamtunzia nani sasa?"

Akainamisha mtungi. Maji yakaanguka juu ya kamba, yakafanya tope jekundu chini yake. Alipomaliza mtungi wa kwanza akatazama wanawake wenzake, akawauliza kama wanataka azunguke kisimani peke yake kwa umri ule. Mwanamke mmoja akachota. Akafuata wa pili. Hatimaye kila nyumba ilileta mtungi wake, na wapagazi walioshika kamba wakasimama wamelowa hadi magotini, wakinung'unika kwamba hawakuambiwa leo kuna kuoga. Waliilowesha mpaka ikawa haidondoshi tena maji bali inayanywa, wakasubiri ishibe.

Kisha Nyamizi, aliyekwisha kuachiwa mikono, akasema kwa upole kabisa, "Baba, hesabu. Kwa mikono yako ile ile."

Msabila angeweza kukataa. Alikuwa kirangozi. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimesimama kwenye tope, na mama wa Lugwisha alikuwa ameshika ncha ya mwisho kwa mikono yote miwili, hamwangalii mtu. Alihesabu. Mwanzoni alihesabu kwa sauti kubwa kama desturi. Alipopita thelathini sauti ilianza kushuka. Alipoishika ncha ile, mikono yake ikagusana na mikono ya yule mama, alikuwa amefika thelathini na saba.

Alirudi mwanzo akahesabu tena. Thelathini na saba.

Msabila alibaki ameinama juu ya ncha ya kamba. Aliponyooka, hakumtazama Nyamizi, alimtazama yule mama, akasema, "Hakuibiwa mtu, mama. Nilikosea mimi." Mama aliitikia kwa kichwa. Kisha kirangozi akamgeukia msokota kamba akamuuliza anahitaji siku ngapi.

Nyamizi alitaka tatu. Alisokota pima nane zaidi, akaziunga kwa kuingiza nyuzi ndani ya nyuzi hadi kiungo kikawa kigumu kuliko kamba yenyewe. Akailowesha yote tena, Msabila akaipima, wakapata arobaini na nne. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba kama kamba iliyolowa si ile kamba waliyoizoea, basi na mikono yao haijaizoea. Akaifunga kwenye miti miwili karibu na kisima, akaimwagia maji, akawataka wapagazi wote sitini wapite wameishika kwa mkono mmoja, mizigo kichwani, huku wengine wakiwasukuma kwa mabega kama mto. Akawafundisha upya fundo, maana fundo lililokazwa kwenye kamba kavu huteleza kwenye iliyolowa. Wapagazi walilalamika. Mmoja aliuliza kama wanakwenda kuuza chumvi au wanakwenda kumposa mto. Nyamizi alimjibu kwamba mposaji asiyejifunza kusimama huanguka mbele ya wakwe, akamrudisha mwanzo wa kamba.

Hivyo waliondoka siku tatu nyuma ya desturi, na wengi moyoni walikuwa na hofu ya ule mwiko. Siku ya tano ya safari waliona mawingu meusi juu ya milima, na mpagazi mmoja akasema waziwazi kwamba mitungi ya Ikonda imejibiwa. Siku ya saba waliisikia Kasimbo kabla hawajaiona.

Ilikuwa imejaa. Ilikuwa imejaa kuliko mwaka wa Lugwisha, rangi ya kahawa, ikibeba magogo. Na kwenye ukingo hawakuwa peke yao. Msafara wa Nsenga, watu wa samaki wakavu, ulikuwa umepiga kambi pale kwa siku nne. Kiongozi wao Kapufi, mtu mrefu mwenye mzaha mwingi, alikuwa amejaribu kuvuka mara mbili, na mara zote mbili kamba yake iliishia majini. Wahunzi wa Bulega walikuwa wamebakiza siku mbili za gulio. Kapufi alipomwona Nyamizi amebeba rundo la kamba, na kirangozi akitembea nyuma yake, hakuweza kujizuia.

"Ikonda mmeishiwa wanaume," alisema, "hata kamba mmempa mwanamke?"

"Wanaume tunao," Nyamizi alisema bila kusimama. "Kilichotuishia ni kamba. Tumeongeza."

Sasa likaja suala la mwogeleaji. Watu wawili walijitokeza. Msabila aliwarudisha. Alivua shuka lake, akabaki na kikoi kiunoni, akaichukua ncha. Watu wake walimsihi, wakamkumbusha umri wake. Aliwajibu kwamba mwaka uliopita alimtuma mwenzake na hesabu yake, na mwaka huu ataipeleka mwenyewe. Akamwambia Nyamizi ashike upande wa mwamba, aifungulie kamba kadiri anavyoihitaji, asimwachie mtu mwingine yeyote kazi hiyo.

Nyamizi alijikita nyuma ya mwamba, kamba imezungushwa mara moja kwenye jiwe, akaanza kuiachia. Alikuwa ameilowesha tangu alfajiri. Hakuweza kumwona Msabila vizuri, aliona kichwa tu, kikizama na kuibuka, kikisogezwa na mkondo. Lakini alimsikia mkononi. Kamba ilimwambia alipopumzika, ilimwambia alipokazana. Alihesabu. Kumi. Kumi na tisa. Kwenye ishirini na tano gogo lilipita, kamba ikajikaza ikalia juu ya jiwe, viganja vyake vikachubuka. Akashikilia. Gogo likateleza chini ya kamba likaenda zake. Thelathini. Thelathini na nne.

Kwenye thelathini na saba kamba ilisimama.

Alijua wote wanahesabu naye, sitini wa Ikonda, kimoyomoyo. Hapa ndipo kamba ya mwaka jana ilipokwisha. Alitazama chini akaona kiungo chake, kile alichokisokota kwa siku tatu, kimekaa kwenye ukingo wa jiwe, na nyuma yake pima saba nyingine zimelala zikingoja. Akalegeza mkono. Kiungo kikapanda juu ya jiwe, kikapita, kikaingia mtoni kama samaki anayejua kwao. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Ng'ambo, mwili wa mtu mwenye kifua kama ngoma ulijitoa majini, ukalikumbatia shina la mvule, ukabaki umelikumbatia kwa muda mrefu kabla ya kuanza kufunga.

Nyamizi alikaza fundo la upande wake, fundo la kamba mbichi, akaketi juu ya jiwe. Pima nne za kamba zilikuwa zimebaki miguuni pake. Hakuzikata.

Walivuka wote. Mpagazi aliyeuliza habari za kuposa mto aliteleza katikati, akaning'inia kwa mkono mmoja, wa pili umeushikilia mzigo kichwani, mwili ukipeperuka majini kama nguo kwenye kamba. Mkono wake ulikuwa umeifahamu kamba ile pale kisimani. Haukuteleza. Aliupata mchanga tena akavuka, na alipofika alikaa chini akaukumbatia mzigo wake wa chumvi kama mtoto. Hakuna punje iliyolowa. Nyamizi alivuka wa mwisho, na Msabila akamshika mkono kumtoa majini, jambo ambalo kirangozi hakuwahi kumfanyia msokota kamba.

Kapufi alikuwa bado amesimama upande ule. Mzaha ulikuwa umemwisha. Aliomba kwa sauti, mikono kinywani, watu wake nao waruhusiwe kuishika kamba. Msabila alimtazama Nyamizi, maana kamba ilikuwa yake. Nyamizi akasema samaki nao wanataka kufika gulioni. Watu wa Nsenga wakavuka, na kamba ikaachwa pale pale imefungwa, na walinzi wawili, kwa ajili ya kurudi.

Alipofika ng'ambo, Kapufi aliipapasa kamba kwenye fundo la mvule. Alimwambia Msabila kwamba hajaelewa. Kamba ya Nsenga pia ni arobaini, wazee wameipima wenyewe uani, mbele ya watu wote, na haikupungua hata kiganja. Iliwezaje kupungua mtoni?

Msabila alikuwa anakamua kikoi chake. Hakuinua uso.

"Na sisi tuliipima hivyo," alisema. "Iliniulia mtu. Kamba ya mto, ndugu yangu, hupimwa ikilowa."

Kapufi alirudia maneno yale polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Kisha akawageukia watu wake akawaambia wayashike vizuri kuliko walivyoshika kamba.

Ikonda waliingia gulioni na siku mbili kamili mkononi. Misafara mingi ilikuwa imekwama kwenye vivuko vingine, chumvi ilikuwa adimu, na wahunzi waliwakimbilia njiani kabla hawajatua mizigo. Mwaka ule kila nyumba ya Ikonda ilipata jembe, na nyumba nyingi mawili.

Watu wa Nsenga walimaliza samaki wao mapema wakatangulia kurudi, na njia yao ilipita Ikonda. Kwa hiyo msafara wa chumvi ulipofika kwenye mteremko wa mwisho, majembe yakigongana migongoni, habari zilikuwa zimewatangulia kwa siku nzima. Wazee walikuwa wamejipanga mlangoni mwa kijiji, wale wale waliosema avunje nyumba ahame, na kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aanze kusema. Msabila alisimama. Desturi ni kirangozi kuingia wa kwanza. Alisogea kando ya njia, akampisha Nyamizi apite mbele.

Nyamizi alishuka na kamba begani, mgongo umenyooka, hatazami kulia wala kushoto. Kabla mzee yeyote hajapata neno, mama yake Lugwisha aliwapenya katikati, akaja akamshika viganja vilivyochubuka, akamsalimu kwa jina. Nyamizi aliitikia. Ndipo vigelegele vilivyokatizwa Siku ya Kunyoosha vikapasuka, na wanawake wa Ikonda wakaimba kwa sauti moja, wakimwimbia yeye, wakiwaimbia na wazee, maneno ambayo hayajakoma kusemwa kila mtu anapofunga mzigo kwenda kutafuta riziki mbali:

Kamba ya mto hupimwa ikilowa.